Kijana wangu ana miaka 13, anataka kuangalia Squid Game. Nimruhusu?

Mama Kifunguamimba:

Wapendwa, naombeni mawazo, na mniambie ukweli bila kunionea haya.

Kijana wangu katimiza miaka 13 juzi tu. Anasema darasani kwao wamebaki yeye na mwenzake mmoja ambao hawajaangalia Squid Game, ile tamthilia ya Kikorea ya Netflix ambayo watu wenye madeni wanacheza michezo ya kitoto kwa ajili ya hela, na anayeshindwa anauawa. Kila siku akirudi ana habari mpya: nani kafa, kafaje, kaponzwa na nani. Hadithi nzima anayo kichwani, ila vipande vipande. Wiki hii kaja na hoja ambayo imenishinda: "Mama, kama nishajua mwisho wake, unanizuia nini?"

Nikaona siwezi kumkatalia kitu nisichokijua. Nimekaa siku tatu mfululizo usiku, watoto wakishalala, nikamaliza sizoni ya kwanza yote, episodi 9. Na ni kazi nzuri jamani, ndiyo maana imenisumbua. Ingekuwa takataka ningesema hapana nikalala zangu.

Mauaji yenyewe wengi mnayajua. Mchezo wa kwanza tu, ule wa kukimbia na kuganda mbele ya mdoli mkubwa, wanaingia watu 456, wanabaki hai 201. Wengine wote wanapigwa risasi palepale uwanjani. Mbele kuna watu wanapasuliwa kutolewa viungo, kuna tukio la ngono, na mwanzoni mwa episodi ya saba kuna mtu kajinyonga. Marekani wameipa alama ya TV-MA, yaani imetengenezwa kwa watu wazima na huenda isiwafae walio chini ya miaka 17. Wangu ana 13. Miaka minne ni mingi sana kwa umri ule, nikimkumbuka alivyokuwa na miaka tisa naona kama mtu mwingine.

Halafu namjua mwanangu. Mwaka jana tuliona kwenye taarifa ya habari mtoto amekaa juu ya paa, maji ya mafuriko yamezunguka nyumba. Picha ya sekunde chache. Wiki nzima alikuwa ananiuliza: "Mama, yule mtoto walimshusha?" Huyo ndiye anayetaka kuangalia watu 456.

Baba yake anasema nimwache, wenzake wote wameona na hakuna aliyegeuka muuaji. Mimi muuaji siogopi. Naogopa kitu ambacho sijui hata nikiiteje.

Mliokwishapita hapa, mlifanyaje?

Baba Wanne:

Dada, mimi nilikataza, tena kwa sauti. Nikaweka namba ya siri kwenye profaili ya watu wazima, nikaona nimemaliza kazi. Kijana wangu alikuwa na miaka 12.

Baada ya kama wiki mbili nikaona taa ya chumbani kwake inawaka hadi usiku wa manane. Nikimuuliza, anasoma. Nikiizima, nikirudi baadaye imewashwa. Mwanangu hajawahi kupenda kusoma kiasi hicho. Siku moja nikakaa kitandani kwake, sikumfokea, nikamuuliza tu anaogopa nini. Akalia. Kumbe alikuwa ameimaliza yote kwenye simu, chini ya blanketi, simu ya binamu yake. Kwa hiyo simu sikuikamata, nilichokamata ni taa.

Kilichoniuma si kwamba aliangalia. Ni kwamba siku zote zile alikuwa anaota vibaya na hakuweza kunijia, kwa sababu akija lazima aanze na kukiri kosa. Mlango niliufunga mimi mwenyewe.

Sisemi umruhusu. Nasema ukikataza, mwambie wazi kwamba hata akivunja amri, akiogopa aje kwako kwanza, mambo ya adhabu tutayaongea baadaye. Mimi sikumwambia hivyo.

Chaki na Ubao:

Nafundisha watoto wa rika hilo hilo. Mwaka 2021 ilipotoka, shule katika nchi kadhaa ziliwaandikia wazazi kuwatahadharisha, na kwetu niliyaona kwa macho yangu: mapumziko watoto wanacheza ule mchezo wa kuganda, anayetikisika anachapwa kofi. Mchezo wenyewe ni wa zamani, watoto huucheza duniani kote. Kofi ndilo lilikuwa jipya. Nilipowauliza kwa nini kofi, mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, bila hiyo haina maana."

Ila kuna jambo nililiona ambalo nadhani linakuhusu, Mama Kifunguamimba. Wengi wa wale watoto hawakuwa wameangalia tamthilia. Walikuwa wameona vipande, sekunde thelathini hapa, dakika moja pale, vinavyozunguka kwenye simu. Na vipande vinavyozunguka ni vile vya kufa. Mtoto wa vipande anajua watu wale walikufaje, lakini ukimuuliza walikuwa kina nani, walidaiwa nini, waliacha nani nyumbani, hajui. Nilimsikia mmoja akihesabu vifo kama magoli.

Mwanao anasema anajua mwisho. Muulize anajua nini kuhusu hata mtu mmoja kati ya wale. Jibu lake litakusaidia kuliko alama ya umri.

Mama Msimamo:

Mimi ni wa hapana, na naomba niseme kwa nini.

Nilikuwa na miaka 12. Kaka zangu wakubwa waliweka filamu sebuleni, nami nikajibanza kwenye kona ya kochi. Hakuna aliyeniona au hakuna aliyejali. Kulikuwa na mwanamke anaoga, kafumba macho kwa ajili ya sabuni, mtu akaingia na kisu. Jina la filamu silijui mpaka leo. Sura ya yule mtu siikumbuki. Ninachokumbuka ni ile sauti ya maji kuendelea kumwagika baada ya yeye kunyamaza.

Sasa nina miaka 41. Nikiosha nywele sifumbi macho. Sabuni inaniingia, yanawasha, lakini siyafumbi. Mume wangu alidhani ni mazoea tu, nikamweleza juzijuzi baada ya kusoma swali lako.

Sikuwa mtoto mkorofi na filamu haikunifanya mkorofi. Iliniachia kitu, basi. Kwa hiyo watu wakisema "mbona mimi niliangalia na niko salama," huwa nataka kuwauliza: umeangalia vizuri?

Mwanao ana maisha yake yote ya kuangalia mambo ya watu wazima. Kubaki nje ya mazungumzo ya darasani kunauma, najua, lakini kunapita. Hii yangu haijapita.

Msomi wa Tabia:

Nimesoma saikolojia ya watoto, naomba nichangie kidogo upande wa utafiti, kwa sababu huwa unatajwa vibaya na pande zote mbili.

Jaribio linalotajwa sana ni la Albert Bandura na wenzake, Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1961. Watoto 72 wa shule ya awali, baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mdoli wa mpira, kumrusha na kumgonga kwa nyundo. Walipoachwa na mdoli, wengi waliiga, hadi maneno yaleyale. Mwaka 1963 wakarudia kwa kutumia filamu, watoto wakaiga vilevile. Ni kweli na ni muhimu. Lakini wale walikuwa wadogo, na mdoli ule ulitengenezwa upigwe uinuke tena. Kuchukua matokeo hayo ukamvalisha kijana wa miaka 13 ni kuruka hatua nyingi.

Rowell Huesmann na wenzake waliwafuatilia watoto wa eneo la Chicago tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi ukubwani, wakakuta walioangalia ukatili mwingi utotoni walikuwa na ukali zaidi baadaye. Wataalamu wanaendelea kubishana athari hiyo ina ukubwa gani na sababu nyingine zina sehemu gani.

Kinachonigusa kwenye swali lako ni kazi ya George Gerbner. Yeye hakuuliza kama televisheni inamfanya mtu apige. Aliuliza inamfanya aione dunia vipi, akakuta wanaoangalia sana huiona dunia ni ya hatari na watu ni wa kutoaminika zaidi kuliko wasioangalia sana. Nafikiri hicho ndicho kitu ambacho umeshindwa kukiita jina.

Na mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kiliwashauri wazazi wajue watoto wanaangalia nini na waangalie pamoja nao. Kwa walio chini ya miaka sita waliwataka wazazi wawakinge kabisa na ukatili wa kwenye skrini. Kwa umri wa mwanao, ushauri wote unaishia kwa mzazi aliyekaa kochi moja na mtoto.

Mama Kifunguamimba:

Asanteni sana. Mama Msimamo, nimekusoma mara mbili, pole dada yangu. Msomi, ndiyo, hicho hicho. Sikuwa naogopa atapiga watu. Naogopa ataacha kuwauliza kama walishushwa.

Mwalimu, nimemuuliza kama ulivyosema. Nikamwambia, "Nitajie mtu mmoja, niambie habari zake." Akanitajia namba. 456, 218, 067. Namba za fulana zao. Nikasubiri, akanyamaza, akasema, "Sijui mama, huyo anashinda, huyo anakufa."

Nitawaambia nilichoamua nikishaamua.

Mama Kifunguamimba:

Zimepita wiki nane, nimerudi. Ambaye hajaangalia na anapanga kuangalia aishie hapa, nitataja yaliyomo.

Tuliangalia pamoja, yeye na mimi, bila wadogo zake. Mchana, siyo usiku, episodi moja kila Jumamosi. Rimoti alishika yeye. Makubaliano yetu yalikuwa moja tu: yeyote akisimamisha, imesimama, haulizwi kwa nini. Na kabla ya kila episodi nilimwambia kuna nini, hata lile tukio la ngono, nikamwambia tutaliruka na tukaliruka. Aliona aibu, nami niliona, tukaendelea.

Mchezo wa kwanza alicheka. Nilishtuka. Kisha nikaona mguu wake unatikisika, nikaelewa kwamba kile hakikuwa kicheko. Episodi za katikati alikuwa ananieleza kinachokuja, "sasa huyu," "bado huyu," kama mtu anayesoma orodha.

Episodi ya sita ndiyo ya gololi. Wanaambiwa wachague mwenzi, kila mmoja anachagua anayempenda au anayemwamini, wakidhani watakuwa timu. Wakishakaa ndipo wanaambiwa mnashindana ninyi kwa ninyi. Damu karibu hakuna, milio ya risasi mingi inatokea nje ya picha. Mimi niliona hiyo ndiyo itakuwa nyepesi kuliko zote. Nilikosea.

Yule kijana Ali, mgeni nchini kwa watu, anamwamini mwenzake hata anamwita kaka. Kaka huyo anamhadaa, anambadilishia mfuko. Ali anaufungua anakuta kokoto. Nilimtazama mwanangu badala ya skrini. Alikuwa amepandisha magoti mpaka kidevuni, shingo ya fulana ameivuta mpaka juu ya pua, anapumulia humo ndani. Kitambaa kinaingia, kinatoka. Kisha akasimamisha.

Tulikaa kimya muda mrefu. Baadaye akasema, "Darasani hakuna aliyewahi kumtaja kwa jina."

Hakutaka kumalizia siku ile. Jumamosi iliyofuata nikamuuliza kama tuendelee, akasema bado. Hatujaendelea mpaka leo. Mama Msimamo, episodi ya saba yenye mtu aliyejinyonga hakuiona, na sitaipendekeza mimi.

Baba yake ananiambia kwa hiyo nilikuwa na haki ya kukataa tangu mwanzo. Sijui kama ndivyo. Ningekataa angebaki na zile namba, na mimi nisingejua kinachomuumiza ni nini. Nilikuwa nimejipanga kwa damu, kumbe mwanangu anaumizwa na kusalitiwa. Kuna vipindi viwili vitatu tunavyoangalia hapa nyumbani, vya kawaida kabisa, vyenye alama ya watoto wa miaka 12, ambavyo sasa nitavitazama upya kwa jicho hilo.

Ila bado ni mtoto wangu yule yule. Juzi nilikuwa nakunja nguo, akaja akakaa sakafuni, akaniomba nimsimulie zilizobaki kwa mdomo. Nikamsimulia zote tatu, hata ya kujinyonga, kwa sababu darasani ataisikia na ni bora aisikie kwangu. Hakuuliza nani alishinda. Aliuliza yule mke wa Ali na mtoto wao mchanga, wale aliowapa hela warudi kwao, kama kuna mtu aliwaambia.