Rimu za aloi zilizokarabatiwa kwenye STI: ninunue au niache?

GRB_Kizingo
Assalamu alaikum wanajamvi. Gari ni Subaru Impreza WRX STI, bodi ya GRB, tairi 245/40R18. Nimepata seti ya rimu nne 18x8.5, boliti 5x114.3, tundu la kati milimita 73.1. Ni za kusubu, zina muhuri wa JWL (kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi) kwa nyuma. Muuzaji yuko Changamwe, Mombasa, asema zilishuka kwenye kontena zikiwa zimekwaruzika na mbili zimepinda, zikanyooshwa, zikapakwa rangi ya unga na nyuso zikakerezwa. Zang'aa kweli, na bei haifiki nusu ya seti mpya. Gari hutembea mjini na barabara ya Voi. Je, ni salama kwa gari la mwendo huu? Na nikienda kuzikagua niangalie nini hasa?

FundiMkerezo
Wa alaikumu ssalam ndugu yangu. Rangi iache kwanza. Uliza zilinyooshwa vipi. Kuna mashine ya haidroliki inayosukuma polepole rimu ikiwa imefungwa katikati, na kuna gesi na nyundo.

Rimu nyingi za kusubu ni aloi ya A356, yaani alumini yenye silikoni asilimia 7 hivi na magnesi kidogo. Nguvu yake haitokani na unene pekee. Kiwandani hupikwa kwa nyuzi 540 hivi, ikazamishwa majini, kisha ikaokwa saa kadhaa kwenye nyuzi 160 au karibu na hapo. Hali hiyo huitwa T6. Mtu wa gesi akipapiga moto mahali pamoja mpaka nyuzi 300 au 400, pale pashalainika, na jicho haliwezi kukwambia kitu maana alumini haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Itanyooka bila taabu, ndiyo sababu wanaipenda njia hiyo. Shimo la kwanza itapinda palepale, au ipasuke.

Rangi ya unga yenyewe si adui. Huokwa nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20, kuhesabu tangu metali ilipofika joto hilo. Kuokwa namna hiyo mara moja hakuna neno. Hatari ni tanuri la kujitengenezea lisilo na kipimo cha joto, likapanda hadi 250 na rimu zikasahauliwa humo saa nzima, halafu mteja akataka rangi nyingine mwezi ujao.

Jambo baya kuliko yote ni kupiga mchanga, yaani kuisugua rimu kwa mchanga wa upepo ili kutoa rangi ya zamani, kabla ya kupima nyufa. Chembe hugonga uso wa metali zikaukandamiza, mdomo wa ufa ukafungika, kisha juu yake ikaja rangi ya maikroni 60 hadi 100. Ufa upo na hauuoni. Kwa hiyo, kwa fikra zangu, rimu chafu iliyokwaruzika ambayo hakuna mtu aliyeigusa ni bora kuliko hiyo inayong'aa. Chafu unaweza kuipima ukajua wanunua nini.

UmmSalim_Mtwapa
Kaka, usikubali kuzikagua zikiwa na tairi. Zivuliwe tairi zote nne, na kama muuzaji hataki, basi safari imekwisha hapo. Nuru iwe ya tochi, uilaze pembeni, usiimulike moja kwa moja.

Anza na mdomo wa ndani, ule unaotazama saspensheni. Spoki ziko upande wa nje, kwa hiyo ndani hakuna kinachoushikilia, na huko ndiko rimu hupinda na kupasuka. Pitisha kidole mzunguko mzima. Ukihisi mahali pamekuwa bapa, au mstari mpana uliosagwa kwa grainda, hapo huenda pamechomelewa. Geuza uangalie spoki zinapoungana na kitovu kwa nyuma, kisha kuzunguka kila tundu la boliti, kisha tundu la valvu.

Puti pia hutumika kujaza mikwaruzo ya ukingo. Ibane kwa ukucha, jaribu kuigonga kwa mpini wa bisibisi: metali hulia, puti hujibu kwa sauti ya ubao. Puti kwenye mkwaruzo mdogo wa nje ni urembo tu. Puti ndani ya pipa, yaani ule mwili wa duara unaobeba tairi, ni jibu tosha.

Bamburi_Turbo
Mwasema kuchomelea kana kwamba ni haramu. Mji huu una wachomeleaji wa TIG (kuchomelea kwa umeme chini ya gesi) waliokomaa, wanachomelea alumini ya maboti na matangi. Ufa mdogo ukifunguliwa vizuri, ukajazwa kwa fimbo ya alumini ya 4043, unakaa. Watu wangapi wanatembelea rimu za namna hiyo?

FundiMkerezo
Bamburi, mshono wenyewe sina ugomvi nao. Tazama sentimita mbili pembeni ya mshono. Joto la kuchomelea limeiondoa T6 pale, na rimu ya kufuliwa, ya aloi ya 6061, ndiyo huumia zaidi, yaweza kupoteza karibu asilimia 40 ya nguvu eneo hilo. Kuirudisha ni lazima rimu nzima ipikwe upya nyuzi 500 na zaidi, izamishwe, iokwe, na ikitoka huko itakuwa imejikunja. Boti halizunguki. Tairi la 245/40R18 lina mzingo wa mita 2.05 hivi, kwa hiyo kwa kilomita 110 kwa saa rimu yazunguka karibu mara 15 kila sekunde, na kila mzunguko kila spoki yapinda na kurudi. Alumini haina kiwango cha mzigo ambacho chini yake haichoki.

Nitakubaliana nawe hapa tu: kujaza kipande kilichong'oka kwenye mdomo wa nje, sentimita moja au mbili, mbali na spoki, kwa gari la kawaida. Spoki, kitovu, pipa la ndani: hapana. Wenye viwanda wengi hawakubali rimu yao ichomelewe wala ipigwe moto kabisa.

Bamburi_Turbo
Sawa, kwa STI nakuachia. Kwa Probox la mjini bado nina maoni yangu.

Spana_Makupa
Hata rimu ikiwa nzima, ukarabati huleta hatari nyingine ambayo wengi hawaitazami: rangi mahali pasipotakiwa rangi. Uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu cha gari kinachoshika rimu), na vikombe vya nati, havipaswi kuwa na rangi ya unga. Rangi ikibanwa na kupata joto la breki hutambaa, nati zikalegea bila mtu kuzigusa. Ukiikuta, itolewe kwa kemikali ya kuondoa rangi na brashi laini. Usipige grainda, ukila metali bila usawa rimu itayumba maisha yake yote.

Nati za Subaru ni M12x1.25, kiti cha koni nyuzi 60. Hakikisha vikombe vya rimu hizo ni vya koni pia, si vya duara kama vya Volkswagen. Nati iingie kwa mkono angalau mizunguko 10 kabla ya kubana. Tundu lako ni 73.1 na habu ya Subaru ni 56.1, kwa hiyo wahitaji pete nne za 73.1 kwa 56.1 za kujaza nafasi hiyo ili rimu ikae katikati. Chukua za alumini. Za plastiki nyuma ya breki za STI huweza kulainika. Kaza kwa mtindo wa nyota, gari likiwa bado juu, kisha malizia chini kwa spana ya torki karibu nyutoni mita 100, ukilinganisha na kitabu cha gari. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa imepoa. Bunduki ya upepo ya kijana wa pancha isiguse hatua ya mwisho.

GRB_Kizingo
Shukran nyote. Nimezikagua zikiwa bila tairi. Kwa dayali geji (kipimo cha mshale cha kupima myumbo), tatu zayumba na kuruka kati ya milimita 0.4 na 0.6. Ya nne yafika 1.3, na ndani ya pipa kuna mstari uliosagwa kama sentimita 6. Nyuma ya zote nne, uso wa habu umepakwa rangi. Muuzaji asema ya nne "ilichomelewa kidogo tu" na yuko tayari kushusha bei. Nichukue zote, hiyo niifanye spea?

FundiMkerezo
Usiichukue hata bure. Spea huvishwa siku ya dhiki, usiku, gari limejaa, na hakuna atakayekumbuka kuwa ile ni ya mjini tu. Hiyo 1.3 pia imevuka. Kwa rimu ya aloi milimita 1 ndio mpaka.

Tatu zilizobaki zina vipimo vizuri, lakini vipimo vizuri havisemi kama kuna ufa. Mwambie akubali rangi ya nyuma ya spoki na ya pipa la ndani iondolewe kwa kemikali. Isiwe kostiki soda, inaila alumini. Kisha nunua makopo matatu ya kupima nyufa, au uzipeleke karakana za meli upande wa Mbaraki, kazi hiyo kwao ni ya kila siku. Safisha kwa kopo la kwanza, pulizia lile jekundu, subiri dakika 15, pangusa kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Usipulizie kisafishaji moja kwa moja juu ya rimu, utaiosha dawa iliyoingia ndani ya ufa. Pulizia jeupe, ngoja dakika 10. Mstari mwembamba mwekundu ni ufa. Vidoti vilivyotawanyika ni vitundu vya kusubia, hivyo havitishi isipokuwa vimekaa foleni. Ila kwa kuwa rimu hizi zimeshapigwa mchanga, ufa mwembamba waweza kuwa umefungwa. Mwache mpimaji azioshe kwa asidi nyepesi ya kufungua uso kwanza. Hilo si la kufanya nyumbani.

UmmSalim_Mtwapa
Niongeze la pwani. Nyuso zilizokerezwa zikafunikwa kwa laka pekee hazidumu kwetu. Chumvi hupenya kwenye mkwaruzo mdogo, na chini ya laka hutambaa nyuzinyuzi nyeupe kama minyoo. Watakwambia wazikereze tena. Kila kukereza kunakula metali, na mara ya pili ndiyo ya mwisho kwa busara. Muulize pia mchanga uliotumika ulitoka wapi. Wa baharini huacha chumvi chini ya rangi, malengelenge hayachelewi. Na kule kuosha gari kwa maji ya kisima yenye chumvi, malizia kwa maji matamu.

GRB_Kizingo
Amekataa kuondoa rangi. Asema nikiitoa nimenunua.

Spana_Makupa
Basi amekujibu. Tafuta seti ambayo haijaguswa, ukubwa uleule, ofseti (umbali wa uso wa habu kutoka katikati ya upana wa rimu) karibu na milimita 55 ya kiwandani, na mzigo unaoruhusiwa, uliochongwa nyuma ya rimu, usipungue nusu ya mzigo wa juu wa ekseli iliyo nzito zaidi. Pima nyufa kwanza, nyoosha kwa mashine kama kuna cha kunyoosha, pima tena, ndipo rangi. Wakati wa rangi waletee vifuniko vya kuziba vikombe vya nati na uso wa habu, wengi hawana. Baada ya kuvisha tairi, jaza upepo, soma geji alfajiri gari likiwa baridi, soma tena alfajiri ya pili. Likishuka, mimina maji ya sabuni kwenye mdomo wa ndani kabla ya kulaumu valvu.