Kompyuta ya nyumbani ikiwashwa tu, intaneti ya nyumba nzima inakufa. Naombeni ushauri

Baba Naila:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wenu kabla sijaingia gharama.

Nipo Morogoro, nimefungiwa intaneti ya faiba ya 10 Mbps. Ruta moja inahudumia simu mbili, TV na kompyuta ya mezani yenye Windows 10, RAM 8 na diski ya HDD. Mke wangu anasoma masomo ya jioni kwa njia ya mtandao akitumia hiyo kompyuta. Kipindi kikianza tu, sauti ya mwalimu inakatika, picha inaganda, mwisho anatupwa nje ya darasa. Juzi alikuwa anawasilisha kazi yake mbele ya wenzake na nusu ya maneno hayakusikika. Imeniuma sana, maana anatoka kazini amechoka na bado anakaa kusoma.

Nimewapigia huduma kwa wateja, wanasema laini haina shida. Nilichokiona mimi ni kwamba kompyuta ikizimwa, simu zinapeta vizuri. Je, nihame kampuni au niongeze kifurushi? Natanguliza shukrani.

Chui_wa_Mlimani:
Mkuu badilisha DNS, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Mimi ilinisaidia.

FundiKebo:
DNS kazi yake ni kutafuta anwani ya tovuti unapoifungua. Sauti inayokatika katikati ya kipindi haihusiani nayo, hapo anwani ilishapatikana zamani.

Baba Naila, usihame na usiongeze kifurushi kwanza. Jibu umeshaliandika mwenyewe: kompyuta ikizimwa, simu zinapona. Kuna programu humo ndani inatumia laini yako chinichini bila kukuonyesha dirisha lolote. Fanya hivi leo:

Zima kompyuta, pima kasi kwa simu ukiwa karibu na ruta. Andika namba zote tatu: kushusha, kupandisha na ping (muda wa taarifa kwenda na kurudi, kwa milisekunde). Watu wengi wanaangalia ya kushusha tu, na kosa linaanzia hapo. Kisha washa kompyuta, usifungue chochote, subiri kama dakika kumi, upime tena kwa simu ileile, ukikaa palepale.

Baada ya hapo nenda kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Ikifunguka ndogo, bonyeza More details. Kwenye Processes, bonyeza kichwa cha safu ya Network ili inayokula zaidi ije juu. Halafu nenda Performance, chini kabisa utaona Open Resource Monitor, fungua Network. Hapo kuna safu ya Send na ya Receive. Tuambie kilicho juu kwenye Send.

Baba Naila:
Nimefanya, mkuu. Kompyuta ikiwa imezimwa: kushusha 9.6, kupandisha 9.3, ping 14. Ikiwa imewashwa: kushusha 1.8, kupandisha 0.4, ping inacheza kwenye 700 hadi 900.

Kwenye Send, ya juu kabisa ni ile programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, inaonyesha kama 850,000. Chini yake kuna programu ya torrent, kumbe mdogo wangu aliiweka alipokuja likizo. Ya tatu ni svchost, hii siielewi. Ila hizo 850,000 ni nini? Mbona kifurushi changu ni 10 tu?

FundiKebo:
Resource Monitor inahesabu kwa baiti kwa sekunde, kifurushi kinahesabiwa kwa Mbps, yaani biti milioni kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo 850,000 mara nane ni kama 6.8 Mbps, na hiyo ni programu moja tu. Ongeza torrent inayogawia watu wengine faili ilizokwisha kushusha, njia yako ya kupandisha imejaa pomoni.

Sasa utauliza, kujaa kwa njia ya kupandisha kunaathiri vipi kushusha? Kompyuta yako ikipokea vipande vya ukurasa au faili, lazima irudishe taarifa fupi kwamba vimefika, ndipo upande wa pili uendelee kutuma kwa kasi. Taarifa hizo zinapita njia ileile ya kupandisha. Zikikuta foleni ya mafaili yako ndani ya ruta, zinasubiri, na anayetuma anapunguza mwendo. Ndiyo maana ping imetoka 14 hadi 900. Na darasa la mtandaoni ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu sauti ya shemeji inatakiwa ipande papo hapo. Ikichelewa karibu sekunde nzima, mazungumzo yameshaharibika.

Hebu niambie, ni folda gani inapandishwa?

Baba Naila:
Nimebonyeza alama yake pale chini karibu na saa. Inapandisha folda ya Videos. Nilihamishia humo video za harusi na za simu ya zamani, jumla kama 60GB.

FundiKebo:
Imeeleweka. GB moja kwa 10 Mbps, laini ikiwa tupu kabisa, inachukua zaidi ya dakika 13. GB 60 ni zaidi ya saa 13 mfululizo. Nyie mnawasha kompyuta jioni tu kwa saa chache, kwa hiyo kazi haiishi, na kila ikiwashwa inaendelea ilipoishia, muda uleule wa darasa.

Usiiondoe hiyo programu, hizo kumbukumbu zinahitaji nakala. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya kuwekea kikomo kasi ya kupandisha, weka kama 2 Mbps. Angalia vizuri kipimo chake, nyingi zinaandika KB kwa sekunde. 2 Mbps ni 250 KB. Wakati wa darasa bonyeza Pause. Usiku mkienda kulala, ondoa kikomo na uiache ifanye kazi hadi asubuhi.

Msafiri_NBO:
Naongezea kutoka Nairobi. Hiyo svchost ni mwavuli wa huduma za Windows zenyewe, usiizime. Nenda Settings, Update & Security, kisha Delivery Optimization. Kama imeruhusiwa kutuma kwa kompyuta zilizoko kwenye intaneti, mashine yako inawagawia watu usiowajua vipande vya masasisho. Izime, au ichague ya mtandao wa ndani tu.

Torrent nayo iondoe kwenye Startup ndani ya Task Manager isijiwashe yenyewe, au iondoe kabisa ndugu yangu. Tena, kwenye jina la waifai yenu kuna swichi ya Metered connection. Ukiiwasha, Windows inaahirisha masasisho mengi makubwa. Mimi huiwasha nikiwa na mkutano, nikimaliza naizima.

Mama Ilham:
Naomba hapa tuwe makini. Usizime masasisho moja kwa moja, wala usizime Defender (kinga ya virusi ya Windows) eti inakula kasi. Na msipakue zile programu zinazojitangaza kuongeza kasi ya kompyuta. Nyingine zinakuja na mizigo ya kwao inayokaa ikitumia intaneti yako.

Ukiona jina usilolijua kwenye Network, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open file location uone linakaa wapi, kisha Properties uangalie saini ya mtengenezaji. Jina geni peke yake si ushahidi. VPN za bure (programu za kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) nazo zitazame kwa makini, zipo zilizojulikana kwa kugeuza kompyuta za watumiaji kuwa njia ya kupitishia mawasiliano ya intaneti ya watu wengine. Ukiwa na shaka, endesha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka, itachunguza kabla Windows haijaanza.

Halafu Baba Naila, msaada wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Angalia kama mashine yako inakubali Windows 11, au ujisajili kwenye masasisho ya ziada ya usalama.

Baba Naila:
Wakuu, jana jioni darasa limeenda mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Torrent nimeiondoa, Delivery Optimization nimeizima, video nimezipa kikomo cha 250 KB. Ping sasa ni 18 hadi 30 kompyuta ikiwa inafanya kazi. Mke wangu anawashukuru nyote. Mwalimu amemruhusu kurudia uwasilishaji wake Alhamisi.

Kilichobaki, kompyuta yenyewe bado ni nzito dakika za mwanzo baada ya kuwaka, hata kivinjari kinagoma kufunguka.

FundiKebo:
Hiyo si intaneti tena. Muda huo tazama safu ya Disk kwenye Task Manager. Ikikaa 100% huku Network ikiwa chini, ni ile HDD inazidiwa. Weka SSD (diski yenye kasi zaidi ya HDD), hata ya 256GB kwa ajili ya Windows, na HDD ibaki ya kuhifadhia video.

Dada_wa_Tanga:
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi kompyuta ni ya ofisi, ninafanyia kazi nyumbani, na inayokula Network ni programu ya kuhifadhi nakala ya kampuni. Naweza kuizima?

Mama Ilham:
Usiizime dada, hiyo si mali yako. Piga picha ya skrini ya Resource Monitor ikionyesha Send, watumie watu wa TEHAMA wa ofisini kwenu, waombe waipangie saa za usiku.