Naomba ushauri: swali la joto la kale limenikwamisha darasani

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia huku Mbagala. Kijana wa kidato cha nne kanibana: kipimajoto kina karne chache tu, joto la miaka elfu kumi iliyopita nani alilipima? Nikamtolea mfano wa barafu ya Kilimanjaro, iliyochimbwa mwaka 2000 na timu ya Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu wa Marekani, na kukadiriwa kuwa na miaka 11,700. Dokezo la joto la kale ni uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi ndani ya barafu hiyo. Kesho yake karudi (huyu hasomei mtihani tu): huku tropiki, uwiano huo haubadilishwi na wingi wa mvua pia? Nimepekua vitabu vya shule, wapi!

Naombeni: athari ya joto na ya mvua hutenganishwaje? Na matope ya Ziwa Tanganyika yanaweza kuwa ushahidi wa pili?