Mbao za mvule zinageuka rangi na kuvunja meno ya msumeno: je, ni mvule kweli?

Swali
Ndugu mafundi, naomba msaada wenu. Nimenunua mbao 12 za mvule hapa Muheza kwa ajili ya mlango wa mbele. Siku zilipopasuliwa zilikuwa za manjano kama bizari, lakini baada ya wiki tatu zimekuwa za kahawia, isipokuwa ukingo wa mbao nne ambao umebaki mweupe na umeanza kutoa unga laini. Isitoshe, msumeno wa fundi wangu uligonga kitu kigumu ndani ya ubao mmoja, meno mawili yakakatika. Je, nimeuziwa mti mwingine?

Jibu la 1
Hapana, ndugu yangu, huo ni mvule. Kiini chake huwa cha manjano kikiwa kibichi, kisha hugeuka kahawia kikipata hewa na mwanga. Alichogonga fundi ni jiwe la chokaa, ambalo mti wenyewe hulijenga ndani yake, mara nyingi pale ulipowahi kujeruhiwa. Mkiona sehemu iliyokoza rangi kuliko nyingine, ipimeni kwa tindo kabla ya kupitisha msumeno. Kinachonisikitisha ni ule weupe. Hiyo ni sehemu ya nje, chini ya gome, na unga huo ni kazi ya bungua, mdudu anayetoboa mbao. Sifa ya mvule ya kutoliwa na mchwa ni ya kiini peke yake, kwa hiyo muuzaji hakupaswa kukuachia weupe huo. Ukateni wote na kuuchoma.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu randa: nyuzi za mvule hupishana, hivyo noeni vizuri na mchukue kidogo kidogo, la sivyo uso utararuka. Tafadhali fundi afunike pua na mdomo, kwa maana vumbi lake huwasha ngozi na huweza kuamsha pumu. Naye mwenye shamba anayetaka kupanda mvule, apande miche michache kivulini, kati ya miti mingine, kwa sababu shamba la mvule mtupu hushambuliwa na kidudu kinachofanya vinundu kwenye machipukizi mpaka miche inadumaa au kufa.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Jana tumeukata weupe, na mbao tatu zimepona; ya nne ilikuwa na vitundu vidogo kama vya pini hadi karibu na kiini, tukaiondoa. Jiwe nalo tumelitoa: ni jeupe kama chaki, na ukubwa wake ni wa korosho moja.