Gumzo la ukoo: tuta la mto Mkondoa, Kilosa

Baba Mdogo: Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Katapila limefika, linatoa mchanga mtoni na kuinua tuta. Wameanzia pale maji yalipopasulia.

Shangazi: Alhamdulillah! Masika haya tutalala.

Kaka (Dar): Shikamoo Ba'mdogo, shikamoo shangazi. Na mashamba ya ukingoni wamesemaje?

Baba Mdogo: Marahaba. Mita 60 kutoka ukingo hakuna kulima. Majaruba yetu matatu ya mpunga yamo humo humo.

Shangazi: Sasa tule nini? Udongo wa baba ndio huo. Kule juu ni changarawe tupu.

Dada: Pole shangazi. Ila hiyo si amri ya juzi, imo kwenye sheria ya mazingira ya 2004. Ni sisi tuliosogea mwaka hadi mwaka.

Baba Mdogo: Nyie mlikuwa wadogo. Desemba 2009 kuingia 2010, Mkondoa ulivunja tuta ukaingia Kilosa mjini. Reli ya kwenda Gulwe ikasombwa, treni zikakaa miezi hazipiti. Watu wamelala kwenye mahema. Bibi yenu nilimtoa nimembeba mgongoni, hajavaa hata kiatu.

Kaka (Dar): Si walisema ni bwawa la Kidete kubomoka?

Baba Mdogo: Bwawa lina sehemu yake. Lakini mchanga je? Milima inalimwa mpaka kileleni, miti imekuwa mkaa, mvua ikinyesha udongo wote unashuka mtoni. Kina kinajaa, mto unapanda, maji yanatafuta njia. Unaweza kuinua tuta kila mwaka, mchanga usipokoma unarudi pale pale. Serikali ikitoa katapila na sisi tutoe majembe ukingoni.

Dada: Naunga mkono. Lakini waliolima huko waonyeshwe pa kulima. Hilo tuliseme mkutano ujao, tena kwa sauti.

Shangazi: Nimelia kidogo, nisiwafiche. Mpunga uliopo tuvune kwanza?

Baba Mdogo: Tuvune dada yangu, halafu tupande matete na mianzi, vishike udongo.

Kaka (Dar): Jumamosi nakuja na futi kamba, tupime wenyewe kabla ya kupimiwa.

Shangazi: Upitie kwangu kwanza ule. Na mwembe wa baba usiguswe, mizizi yake ndiyo imeushika ule ukingo.

Baba Mdogo: Mwembe hauguswi.