Tupeane uzoefu: sungura, ndege na samaki wa ndani kwenye joto hili

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dar. Juzi nimempoteza sungura jike mwenye mimba. Nilipotoka alfajiri banda lilikuwa kivulini. Niliporudi saa tisa, jua lilikuwa limehamia juu ya bati. Nilimkuta amelala ubavu, masikio ya moto, mate yamelowesha kidevu chote. Na kopo la maji lilikuwa limejaa! Sikujua kwamba sungura hatoi jasho, joto lake hutoka zaidi kupitia masikio, na nyuzi 30 kwake tayari ni hatari. Inaniuma sana. Mnafanyaje wenzangu?

Mfugaji wa Tanga: Pole sana mkuu. Maji peke yake hayatoshi, tatizo ni bati. Mimi nimeezeka makuti juu yake, nikaacha nafasi upepo upite katikati. Mchana nawawekea chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa kwenye friji, nimeivisha soksi kuukuu. Siku mbili za kwanza waliikimbia, sasa wanagombania kuiegemea. Ukimkuta sungura anahema mbio, mtoe juani, mloweshe masikio kwa maji ya mtungini. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu, mwili unashtuka. Halafu mpeleke kwa daktari wa mifugo hata ukiona amechangamka.

Mama Kasuku, Mombasa: Wangu ni kasuku wadogo. Tundu lilikuwa dirishani, nikiwaona wamefungua midomo na kutanua mbawa nadhani wanacheza. Kumbe ndivyo ndege anavyohema kwa joto. Siku hizi tundu liko ukutani upande wa kivuli, na kila asubuhi nawawekea sahani pana ya maji, wanaoga hadi sakafu inalowa.

Samaki Sebuleni: Kwangu adui ni umeme kukatika. Pampu ya hewa ikizima, samaki wote wanapanda juu kutwetea, maana maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Nachota kwa kikombe na kumimina kutoka juu, tena na tena, hata nusu saa, mkono unauma. Chakula nawapunguzia siku hiyo.

Mleta mada: Asanteni sana ndugu zangu. Kesho naenda kununua makuti. Dume aliyebaki nimemwingiza sebuleni, nimekunja mkeka. Amejinyoosha kwenye saruji tupu, miguu ya nyuma ameitupa kule, anahema polepole.