Naomba ushauri: friwili (seti ya magurudumu ya meno ya nyuma, yaani sproketi) ya gia 8 itakubali kwenye baiskeli ya gia 7?

Habari zenu wakuu. Nina baiskeli ya mtumba, ya milimani, gia 7 nyuma na 3 mbele, vifaa vya Shimano. Naitegemea kwenda kazini kila siku hapa Morogoro, kilomita 11 kwenda tu.

Cheni ilikuwa imelegea. Nilipima kwa rula: pingili 24 zikiwa mpya ni milimita 304.8, yangu ilifika 308. Nikanunua mpya, ile ya gia 6, 7 na 8, maana hizo zote hutumia upana mmoja. Sasa nikikanyaga kwa nguvu mlimani cheni inaruka meno, hasa kwenye sproketi mbili ndogo. Juzi nusura nianguke mbele ya daladala. Nadhani meno ya nyuma yameshalika yakifuata cheni ya zamani.

Friwili yangu ni ya kufunga kwa nyuzi za skrubu. Fundi anayo ya gia 8 tu, anasema itaingia. Nyuzi sina shaka nazo. Wasiwasi wangu ni kibadilishia gia cha kwenye usukani: hatua zake ni za gia 7, na nafasi kati ya sproketi za 7 ni milimita 5.0, za 8 ni 4.8. Tena ya 8 ni pana zaidi, isije ikagusa fremu.

Aliyewahi kufunga hivyo, gia zilikaa sawa? Au nivumilie nitafute ya 7? Na sproketi za mbele nizibadilishe pamoja?

Natanguliza shukrani.